Kazi ya Plastiki na Uzazi wa Mwanamume

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa memba)



Leo hatukuja kusema habari za mshahara. Tumekuja kusema jambo ambalo sisi wanaume huona haya kulitaja. Mtu akioa, na miaka ikapita bila mtoto, lawama humwangukia mke. Yeye ndiye apelekwaye kwa daktari, wala hapana aulizaye: Je, bwana wake hufanya kazi gani?

Mwaka 1977, mjini Lathrop, California, huko Marekani, wanaume wa kiwanda kimoja cha dawa za kilimo walianza kuulizana kwa nini hawapati watoto. Walikuwa wakitengeneza dawa iitwayo DBCP. Walipopimwa, wengi walionekana mbegu zao zimepungua sana, na wengine hawana kabisa. Kumbe tangu 1961 wataalamu walikwisha andika kuwa dawa hiyo huharibu korodani za panya! Lakini walioishika kila siku walijua baada ya kudhurika.

DBCP si plastiki, lakini fundisho ni lile lile. Plastiki ya PVC hulainishwa kwa kemikali ziitwazo fthaleti. Hizo hazikufungana na plastiki. Ikipata moto, hutoka, na mtu huzivuta kwa pumzi. Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya wanaume 74 wa kiwanda cha sakafu za PVC huko China, waliolinganishwa na wajenzi 63. Wale wa kiwandani walikuwa na fthaleti nyingi zaidi katika mkojo, na homoni ya kiume katika damu yao ilikuwa chini.

Hatusemi kila ashikaye plastiki atakuwa mgumba. Sababu za ugumba ni nyingi. Twasema hivi: tusingoje mpaka tuhesabu nyumba zisizo na watoto.

Basi tufanye haya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka pawe na halmashauri ya usalama penye wafanya kazi 20 au zaidi. Wajumbe wetu waidai, kisha waulize karatasi ya maelezo ya kila kemikali, na mashine za moto ziwekewe mabomba ya kuvuta mvuke. Sisi nasi tusile karibu na mashine, tunawe mikono kabla ya kula, na nguo za kazi zisichanganywe na za nyumbani. Chakula cha moto au chenye mafuta tusikitie katika plastiki.

Na aliye na shida aende kupimwa pamoja na mkewe, amwambie daktari kazi yake. Si aibu. Baadhi ya watu waliodhuriwa na DBCP, walipoondolewa penye dawa, mbegu zao zilirudi. Wengine hazikurudi tena. Wale wa Lathrop waliokoa wenzao kwa sababu walithubutu kuulizana. Nasi tuulizane.

Umoja ni nguvu.