Dawa za Wazee Wakati wa Maradhi ya Mlipuko

Tangu korona ilipoingia Unguja, Machi 2020, twajua kwamba nyumba za wazee, kama zile za Sebleni na Welezo, zahitaji hadhari kubwa. Lakini hadhari hiyo, hata ikiwa wageni wamezuiliwa mlangoni, isiwe sababu ya mzee kukosa dawa yake ya presha au ya sukari. Dawa ya kila siku isikatishwe.

Enyi jamaa, dawa mnazopeleka msimpe mzee mkononi. Mkabidhini mhudumu, aziandike daftarini, kwani mzee aweza kumeza mara mbili pasi na kujua.

Nawe mhudumu, muulize daktari dawa zipi zaweza kutolewa pamoja, upunguze kuingia vyumbani. Narudia: dawa isikatishwe, ila kwa amri ya daktari. Zikipungua, agiza mapema.