Pikipiki Zinazopita Mlangoni Petu

Maneno kwa wamama, siku ya kupima watoto

Wale watoto wanaolia muwape ziwa, tupate kusikilizana.

Siku zingine tunasema juu ya malaria, kuhara na chanjo. Leo tutasema juu ya pikipiki. Mtauliza: pikipiki nayo ni ugonjwa? Hapana. Lakini Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba katika dunia yote, watu wa miaka 5 mpaka 29 wanauawa na ajali za njiani kupita kitu kingine chochote. Ni yule mtoto uliyemmalizia chanjo zote, akapona surua, akapona malaria. Sasa amekuwa mkubwa kidogo, unamtuma duka kununua chumvi, naye anakatisha njia.

Wamotari si adui zetu. Ni watoto wetu, wengine ni mabwana zetu. Usiku uchungu ukimshika mwanamke kule ng'ambo ya Lukuga, nani anamleta hospitali? Motari. Na mama wa samaki anataka kufika soko mbele samaki haijaharibika. Kwa hiyo sisemi pikipiki zikatazwe. Ninasema juu ya mbio ndani ya avenyu, kati ya nyumba, pale watoto wanapocheza.

Tufanye hesabu. Pikipiki inayokwenda kilometa 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Motari akimwona mtoto, ile sekunde inapita mbele mkono haujakamata freni. Kisha freni nazo zinataka nafasi. Atasimama baada ya mita 37 hivi, tena njia iwe kavu na freni ziwe nzima. Akiwa anakwenda 30, mita 13 zinatosha. Kwa mchanga na matope, ongeza. Na mbio ikizidi mara mbili, nguvu ya pigo inazidi mara nne.

Motari atasema, "Nitachelewa." Haya, tuhesabu na hilo. Toka ndani ya kartie mpaka barabara kubwa tuseme ni kilometa moja. Kwa 60 anatumia dakika moja, kwa 30 anatumia mbili. Amechelewa dakika moja. Dakika hiyo anaipoteza kila siku akitafuta franga za kurudishia mteja!

Kuko wamama wanaosema, "Mimi nimemwonya mtoto wangu." Ni vizuri, endelea kumwonya. Lakini mama mmoja wa Sweden, Stina Sandels, alichunguza watoto njiani katika miaka ya 1960, akaona kwamba mtoto mdogo hawezi bado kupima mbio ya kitu kinachokuja, hata akifundishwa sana. Anaona pikipiki iko mbali, basi anakimbia. Hata ukimpiga, macho yake na akili yake hazitakomaa leo. Anayeweza kupunguza ni mwenye pikipiki.

Kule Dar es Salaam shirika moja, Amend, lilitazama njia zinazozunguka shule za msingi, likaweka matuta ya kupunguza mbio, vivuko na njia za miguu. Kazi hiyo ilipata zawadi ya WRI Ross mwaka 2019. Avenyu zetu nyingi ni za udongo, lakini tuta hata la udongo linawezekana.

Ila lile gogo ambalo watu wanalaza njiani, mimi silipendi. Motari analikwepa pembeni, palepale watoto walipo, na mwanamke mwenye mimba anarushwa. Tuta zuri ni la kupanda pole pole: kwenda juu sentimeta 10 tu, na kutoka linapoanza mpaka linapoisha karibu mita 4. Likatize njia yote, liache mfereji wa maji ya mvua. Anayekwenda 30 anapita bila kuumia, anayekwenda 60 atajua mwenyewe. Liwekwe karibu na shule na bomba la maji, si kila baada ya nyumba tatu. Pembeni muweke mawe yaliyopakwa chokaa, yaonekane usiku.

Tena musianze kuchimba njia peke yenu. Muone mkubwa wa avenyu, naye aende kwa mkubwa wa kartie na komini. Muwaite na wamotari wa pale, waseme wapi tuta litafaa. Jambo walilokubali wenyewe hawatalivunja usiku.

Na wewe mama ukipanda, ni nani anayesema, "Endesha, nimechelewa"? Wewe ndiye unayelipa. Mwambie mbele hujapanda: ndani ya avenyu, pole pole. Usimweke mtoto mbele juu ya tanki. Na ninyi mnaorudi toka Kigoma, kumbukeni kule wanapita kushoto, hapa ni kuume. Mukikatisha njia mtazame pande zote mbili.

Mtoto akigongwa, hata akisimama na kusema haumwi, mlete. Akitapika, akisinzia ovyo, au tumbo likikaza, usingoje asubuhi.

Sasa wenye watoto wa chini ya miezi sita wapite upande huu wa kipimo, na kadi mkononi.