Fosforasi Ikipanda, Figo Ndizo za Kuulizwa Kwanza

Fosforasi ni madini ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuishi bila kuwa nayo, kwa sababu ikishaungana na oksijeni na kuwa fosfeti huingia katika mifupa na meno, katika utando wa kila seli, katika vinasaba, na katika molekuli ambazo seli huzitumia kuhifadhi na kutoa nguvu. Mtu mzima hubeba gramu 700 hivi za fosforasi, lakini takriban asilimia 85 imo ndani ya mifupa na meno, na ile inayozunguka katika damu haifiki hata asilimia 1. Kipimo cha damu, kwa hiyo, huchungulia sehemu ndogo mno ya jumla hiyo, na majibu yanayoonyesha kiwango cha juu hayamaanishi kwamba mwili mzima umefurika fosforasi, bali kwamba uwiano kati ya kinachoingia katika damu na kinachotoka umevurugika.

Kwa mtu mzima, maabara nyingi huhesabu kuwa cha kawaida kiwango cha kati ya miligramu 2.5 na 4.5 kwa desilita, sawa na milimoli 0.81 hadi 1.45 kwa lita. Tofauti ya vizio hivi huwatia hofu wagonjwa wanaolinganisha majibu ya maabara mbili, ingawa 1.4 katika kizio kimoja na 4.3 katika kingine ni hali ileile. Watoto, ambao mifupa yao ingali inakua, huwa na kiwango kilicho juu kuliko cha watu wazima, na majibu yao hayana budi kupimwa kwa mipaka ya umri wao.

Anayelinda uwiano huo ni figo. Utumbo hupokea fosforasi kutoka katika chakula bila uchaguzi mkubwa, na figo ndizo zinazoamua ibaki kiasi gani na itoke kiasi gani kwa mkojo. Na ukweli kwamba mkojo ndio mlango wake mkuu ulikwisha kujitokeza bila kutarajiwa mwaka 1669, pale Hennig Brand, mwanaalkemia wa Hamburg aliyekuwa akitafuta dhahabu, alipochemsha mkojo mwingi hadi akapata kitu kinachong'aa gizani, ambacho kilikuwa fosforasi. Figo hutekeleza kazi hii zikiongozwa na homoni, mojawapo ikitoka katika tezi za parathairoidi, ambazo ni tezi nne ndogo zilizo shingoni nyuma ya tezi ya thairoidi, na nyingine, iitwayo FGF23, ikitoka katika seli za mifupa. Ugonjwa sugu wa figo unapoanza kuua vichujio vidogo vya figo, homoni hizi hupanda na kuvilazimisha vile vilivyosalia kutoa fosforasi zaidi, hivyo kiwango katika damu huendelea kuonekana cha kawaida kwa muda mrefu, na kwa kawaida hakipandi waziwazi mpaka uwezo wa kuchuja ushuke chini ya mililita 30 kwa dakika, ilhali figo za kijana mwenye afya huchuja 100 au zaidi.

Hapa ndipo tafsiri nyingi hukosea, na kosa hilo huwagharimu watu figo zao. Fosforasi ni mjumbe anayefika akiwa amechelewa: kiwango cha kawaida si cheti cha figo nzima, na kiwango cha juu kinadai kreatinini, kalsiamu, homoni ya parathairoidi na mkojo vipimwe pia, kabla mgonjwa hajaanza kuhojiwa alikula nini.

Hata hivyo, yapo majibu ya juu ambayo si ya kweli. Seli nyekundu za damu zina fosfeti nyingi ndani yake, na sampuli iliyotolewa katika zahanati, ikasafirishwa kwa pikipiki juani, ikakaa saa kadhaa kabla ya kutenganishwa, inaweza kupasukiwa na seli hizo na kupandisha namba ambayo ndani ya mwili wa mgonjwa haijapanda hata kidogo. Aidha, fosforasi hubadilika ndani ya siku moja, ikiwa chini asubuhi na kupanda kuanzia mchana. Kipimo kinachoshangaza hurudiwa asubuhi, kwa sampuli iliyotunzwa vizuri.

Figo zikiwa salama na sampuli ikiwa safi, hutafutwa sababu nyingine: tezi za parathairoidi zilizojeruhiwa wakati wa upasuaji wa rovu, vitamini D iliyotumiwa kupita kiasi, dawa za kusafisha utumbo zenye fosfeti, au misuli iliyopondeka katika ajali. Upo pia uvimbe unaoyeyuka haraka baada ya tiba kuanza, kama ule wa taya za watoto ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala, aliueleza mwaka 1958. Seli zake zikifa kwa wingi humwaga fosfeti katika damu kwa saa chache.

Fosforasi ya juu mara nyingi haiumi. Hushikana na kalsiamu, ikaishusha hata misuli ikakaza na vidole vikafa ganzi. Na ikidumu miaka mingi, kalsiamu hiyo hujikusanya katika kuta za mishipa ya damu na kuzifanya ngumu, huku mifupa ikidhoofika na ngozi ikiwasha.

Katika chakula, lawama huangukia maharage na dagaa, na lawama hiyo haina uzito sawa na ukweli. Sehemu kubwa ya fosforasi ya maharage na mahindi imefungwa katika faiteti, ambayo utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua, ilhali fosfeti zinazotiwa kiwandani katika soseji, jibini laini na soda nyeusi hufyonzwa karibu zote. Kumnyima mgonjwa maskini maharage, yaliyo protini yake ya kila siku, bila kumwambia neno juu ya soda anayoshushia mlo, ni kumwonea. Lebo nyingi hutaja sukari na chumvi bila kutaja kiasi cha fosforasi, hivyo mnunuzi hubaki kutafuta neno fosfeti au alama kama E338, E339, E450, E451 na E452.

Kwa anayesafishwa damu kwa mashine, hesabu ni ngumu zaidi. Kipindi kimoja cha saa nne huondoa miligramu zipatazo 800 hadi 1,000, na vipindi vitatu kwa wiki havifikii fosforasi inayofyonzwa kutoka katika chakula cha siku saba. Ndiyo maana hupewa vidonge vya kuinasa fosforasi ndani ya utumbo, kama kalsiamu kaboneti au sevelamer, ambavyo humezwa pamoja na chakula, kwa kuwa kidonge kilichomezwa baada ya sahani kuondolewa na chakula kusagika hukuta fosforasi imekwisha kuvuka na kuingia katika damu.