Kutoka Mlango hadi Geti: Msamiati wa Chuma Mjini Musoma



Mhadhara huu unahusu malango ya chuma, vizuizi vya ua na nondo za madirisha zilizo mbele ya nyumba za zamani za miji yetu. Umbo la vitu hivyo ni kazi ya wasanifu majengo. Mimi nitachunguza majina yake.

Tuanze na mhunzi. Katika jamii kadhaa za Mara, wahunzi huitwa Abaturi. Kwa sikio la kawaida, neno hilo halihusiani na kitenzi cha Kiswahili kufua; kwa isimu linganishi, ni ndugu. Katika Kiswahili, t ya Mame-Bantu iliyotangulia u ya juu iligeuka f, na konsonanti iliyofuata ikadondoka. Kwa hiyo, kabla ya nondo za ng'ambo kufika, Mara ilikuwa na ufundi wa chuma pamoja na istilahi zake.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na bidhaa kutoka pwani zikavuka Ziwa Victoria kwa meli. Maneno nayo yalisafiri. Litazameni dirisha moja lenye nondo: dirisha ni neno la asili ya Kiajemi, bawaba na kufuli ni ya Kiarabu, komeo linatokana na kitenzi chetu kukomea, grili na geti ni ya Kiingereza. Kila wimbi la historia limeacha jina lake ukutani.

Hata hivyo, geti halikurithi kila kilichobebwa na mlango. Katika baadhi ya lahaja za Kiswahili, mlango ni ukoo pia. Katika Kirundi na Kinyarwanda, umuryango ni mlango na ni familia. Wajaluo wa Mara, ambao lugha yao si ya Kibantu, huita ukoo dhoot, yaani kinywa cha nyumba. Katika maboma ya zamani ya Butiama na Bunda, yaliyozungushiwa minyaa na miiba, njia ya kuingilia ilitambulisha watu wa ndani. Geti limetupatia msemo mwingine: binti wa "geti kali", asiyeruhusiwa kutoka. Mlango ulieleza tunatoka kwa nani. Geti linaeleza tunamzuia nani.

Naomba nikiri kosa. Nyumba ya marehemu baba yangu mjini Musoma ilikuwa na lango la chuma lenye maua yaliyosokotwa. Sisi watoto wake tuliliuza kwa kilo, kama chuma chakavu, tukaweka geti la bati lisilopenya jicho. Baadaye nilitaka kuandika jina la kipande kile kilichosokotwa juu ya nondo. Sikulijua. Fundi alikuwa amekwisha kufariki. Nina shahada ya uzamivu katika lugha, na nimepoteza neno lililokuwa mlangoni kwetu.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nyumba za Musoma hazina kinga hiyo. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi: nendeni kwa mafundi wazee, pigeni hodi, ulizeni jina la kila kipande, na liandikeni kabla mzani wa chuma chakavu haujafika.