Kundi la Damu: Kwa Nini Lazima Lipimwe

Maabarani, mtaalamu hudondosha matone ya damu yako kwenye kigae cheupe, akaongeza dawa tofauti ya kupimia kwa kila tone, akakitikisa taratibu. Tone moja hubaki laini. Jingine huwa chengachenga nyekundu. Hapo chembe za damu zimeshikana.

Kwa nini? Chembe nyekundu za kundi A zina alama A juu yake, za B zina B, za AB zina zote mbili, za O hazina hata moja. Majimaji ya damu nayo hubeba kingamwili dhidi ya alama usiyokuwa nayo. Ile dawa ya kupimia nayo ina kingamwili: moja hunasa chembe zaidi ya moja, na mafungu yakajijenga. Mtafiti Karl Landsteiner wa Vienna alichapisha kuhusu kushikana huku kwa chembe mwaka 1901.

Mgonjwa wa kundi O akitiwa damu ya A, chembe hizo hushambuliwa na kupasuka. Figo zaweza kufeli, hata akafa. Kwa hiyo usichukie muuguzi akikuuliza jina tena kabla ya kutundika mfuko wa damu. Na wakati unaongezewa, ukihisi baridi, homa, maumivu ya mgongo au kubanwa kifua, mwite papo hapo.