Hodi na Idhini: Mazungumzo Juu ya Mitambo Tuliyoiingiza Majumbani





Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena, ingawa baadhi ya viti vya mbele leo vimekaliwa na watu wengine. Pili, naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Nilipoombwa nizungumze nilidhani nitatakiwa kusimulia habari za zamani, kama ilivyo desturi ya wastaafu. Kamati ikasema la, tunataka utuzungumzie simu na mitambo ya nyumbani, na sitara yetu mbele ya mitambo hiyo. Mimi si fundi. Nilikuwa karani wa masjala Unguja kwa miaka 12, nikahamia Uingereza mwaka 1991, na utumishi wangu nikaumalizia katika ofisi za halmashauri ya mji. Huko na huku kazi ilikuwa moja: kutunza karatasi za watu wengine.

Masjala ya wakati ule ilikuwa na kanuni ambazo vijana wangezicheka. Faili halikutoka kabatini mpaka iandikwe daftarini nani amelichukua, siku gani, na kwa shughuli gani. Lililopigwa muhuri wa "Siri" halikupewa tarishi yeyote tu. Tuliona ni usumbufu. Lakini ikiulizwa nani amelisoma faili la fulani, jibu lilikuwamo katika daftari.

Sasa nikiri kosa langu.

Mwaka 2019 marehemu mama alikuwa akiishi nasi Leicester. Mimi na mke wangu sote tulishinda kazini, na mama alikwisha anguka mara moja jikoni. Nikanunua kamera ndogo, ukubwa wake hauzidi kikombe, nikaiweka juu ya kabati chumbani mwake. Mpwa wangu, ambaye anaishi mji mwingine, alikuja siku moja akaniunganishia na simu yangu. Yakatokea masharti marefu kwenye kioo, na mimi niliyekaa miaka 40 nikisoma nyaraka na kanuni nikabonyeza "Nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja. Mama nilimwambia kwamba ni kitu cha kumwangalia asianguke. Sikumwambia kwamba kinasikia.

Mchana mmoja, wakati wa mapumziko ofisini, nilifungua simu nione kama amekula. Nikamkuta anazungumza na mama mdogo aliyeko Maskati. Alikuwa akimweleza kwamba anaogopa kufia ugenini, na kwamba mimi hawezi kuniambia kwa sababu nitajiona sikumtunza. Ningepaswa kuzima pale pale. Sikuzima. Jioni, kwa kutaka kumtuliza, nikamwambia, "Mama, ukitaka kurudi nyumbani, nitakupeleka." Akanitazama kwa muda, kisha akatazama juu ya kabati. Hakusema neno. Asubuhi yake niliikuta kamera imefunikwa kanga, na tangu siku hiyo simu za mdogo wake alikwenda kuzipokea bafuni, yeye na magoti yake mabovu, juu ya vigae vyenye maji. Kitu nilichokinunua asianguke ndicho kilichompeleka mahali pa kuteleza.

Mama alilelewa katika nyumba ambayo hata mtoto wa kumzaa hubisha hodi kabla ya kuingia chumbani. Suratun Nur inataja nyakati tatu ambazo hata walio wadogo katika nyumba yapasa waombe idhini, na mmojawapo ni adhuhuri, watu wanapovua nguo wapumzike. Mimi niliingia chumbani mwa mama yangu kila adhuhuri kwa miezi mitatu bila hodi.

Nilipokwenda kuing'oa niligundua zaidi. Kwa kuwa mpwa wangu alitumia anwani yake ya barua pepe, picha na sauti zile zilikuwa zikimfikia na yeye, wala hakuziomba. Aidha rekodi za siku 30 zilikuwa zimewekwa katika kompyuta za kampuni, na sikujua nani huko ana ufunguo. Hapakuwa na daftari.

Badala ya kamera, mama alikubali kuvaa shingoni kitufe cha kuitia msaada. Kitufe kile kilinyamaza mpaka yeye mwenyewe alipokibonyeza. Katika miaka miwili alikibonyeza mara mbili, na mara zote watu walifika. Mwaka 2022 nilimpeleka Unguja, na huko ndiko alikozikwa.

Msidhani ninatia chumvi kuhusu hao wenye funguo. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani iliishitaki Ring, kampuni ya Amazon inayouza kamera za milangoni na za ndani, ikidai kwamba mwaka 2017 mfanyakazi wake mmoja alitazama maelfu ya rekodi za wateja wanawake, nyingine zikiwa za vyumbani na bafuni. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Televisheni nazo zimo. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kwa madai kwamba televisheni zake milioni 11 zilinakili kila kilichoonyeshwa, sekunde kwa sekunde, na habari hizo zikauzwa. Wenye nyumba walidhani wao ndio watazamaji.

Nayasema haya kwa sababu ya pendekezo lililo katika ajenda yetu ya kesho: kwamba kila tawi la ukoo litoe mtu mmoja ateme mate katika kichupa, akipeleke kwa kampuni ya kupima vinasaba, ili shajara yetu ikamilike. Nia ni njema na waliolileta nawaheshimu. Hata hivyo, naomba mnisikilize.

Mwaka 2023 wezi waliingia katika kampuni ya 23andMe kwa njia nyepesi kabisa: walijaribu maneno ya siri yaliyokwisha ibwa kwingine, wakijua kwamba watu wengi hutumia neno lile lile kila mahali. Akaunti walizofungua zilikuwa kiasi cha 14,000. Lakini kwa kuwa kampuni iliwaunganisha wateja na jamaa zao, kupitia akaunti hizo chache wezi walipata habari za watu wapatao milioni 6.9. Machi 2025 kampuni iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika, na mwaka huo huo ikauzwa kwa taasisi ya mwanzilishi wake. Masjala inapofungwa, mafaili huhama kwa hati ya makabidhiano. Mate ya mtu nayo huhama.

Neno la siri likiibwa utalibadilisha. Vinasaba havibadilishiki, tena si vyako peke yako. Ndugu wa baba na mama mmoja hushirikiana takriban nusu, na watoto wao, yaani binamu, takriban thumni. Kwa hiyo anayetema mate London amemtilia saini binamu yake wa Mombasa ambaye hajaulizwa, na mtoto wa Toronto ambaye hajazaliwa. Tena, niwe mkweli mbele yenu: katika kila ukoo mkubwa yako mambo ambayo wazee waliyafunika kwa huruma, na baadhi ya waliofunikwa bado wako hai. Karatasi ya kampuni haina huruma hiyo. Hulitoa jibu kwa kijana wa miaka 20, usiku, akiwa peke yake chumbani.

Sheria zipo. Kenya walitunga yao mwaka 2019, Tanzania na Oman mwaka 2022. Hapa Uingereza una haki ya kuiandikia kampuni ikupe nakala ya ilichonacho juu yako, nayo kwa kawaida hutakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Kampuni ya kamera niliiandikia, nikitaka pia rekodi zifutwe. Walijibu siku ya 29, kama watumishi wa kweli.

Kwa hiyo ombi langu kwa mkutano wa kesho ni kwamba pendekezo hili lisipitishwe kwa kunyoosha mikono. Aulizwe kila mkuu wa tawi, naye awaulize watu wake, na mmoja akisema hapana, iwe hapana. Shajara tuiandike kwa mdomo wa wazee waliomo humu ukumbini, wakituambia wanalotaka kutuambia. Daftari nimelileta.

Kuhusu simu zenu, leo baada ya chakula cha mchana nitakaa meza ya karibu na dirisha, pamoja na mpwa wangu yule yule, ambaye sasa ni mwangalifu kuliko mimi. Tutaonyesha programu zipi zinasikiliza, zipi zinajua mahali ulipo, na zipi zimenakili majina yetu sote kutoka kitabu chako cha simu, na namna ya kuzizuia. Neno la siri kila mtu ataliandika mwenyewe, sisi tutatazama dirishani. Kina mama wakubwa waje kwanza, na waje na miwani.