Huduma za Kujitolea za Makanisa: Kutoka Vijiji vya Wakimbizi hadi Kisarawe

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao cha watendaji wa kata, wenyeviti wa vijiji, viongozi wa dini na vikundi vya kujitolea kutoka kata za Kisarawe na Kibaha



Nimeombwa nizungumzie jambo linaloulizwa mara kwa mara katika mikutano yetu ya vijiji. Kundi la vijana wa kanisa, la hapa nchini au la kutoka nje, linapofika na kusema limekuja kujitolea kuchimba kisima, kukarabati darasa au kupima wananchi macho, kijiji kilipokeeje? Wapo wanaosema kuwa kitu cha bure hakiulizwi. Wapo pia, hasa katika vijiji vyetu ambavyo wakazi wengi ni Waislamu, wanaouliza kwa sauti ya chini iwapo maji hayo yana sharti. Maswali yote mawili ni ya haki. Nitayajibu kwa kupitia kazi ya watu waliolifanya jambo hili kwa miaka mingi, tena mahali pagumu kuliko hapa petu, katika mikoa yetu ya mpakani na vijiji vilivyofunguliwa kwa ajili ya waliovuka mpaka.

Mwaka 1964 Shirikisho la Kilutheri Duniani, likishirikiana na makanisa ya hapa nchini, lilianzisha chombo cha kuwahudumia wakimbizi, Tanganyika Christian Refugee Service, ambacho wengi wanakifahamu kwa kifupi chake, TCRS. Wakati huo Wanyarwanda walikuwa wamekwisha kuingia kutoka magharibi, na Wamsumbiji walikuwa wanavuka Ruvuma wakikimbia vita vya ukombozi. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi wakaja Warundi kwa makumi ya maelfu. Serikali iliwaondoa mpakani na kuwapa ardhi katika maeneo matatu makubwa: Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba na Mishamo katika eneo ambalo sasa ni mkoa wa Katavi.

Naomba tuutazame kwa makini utaratibu uliotumika, kwa sababu ndio kiini cha mada yangu. Kanisa halikuingia porini peke yake na mioyo mizuri. Palikuwa na mkataba wa pande tatu: Serikali ilitoa ardhi na mamlaka, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitafuta fedha, na TCRS ilitekeleza kazi ya barabara, visima, shule na zahanati. Tangu mwanzo ilieleweka kwamba siku moja TCRS ingeondoka na kila kilichojengwa kingebaki mikononi mwa Serikali. Mishamo, yenye vijiji 16, ilifunguliwa mwaka 1978 na kukabidhiwa mwaka 1985. Kipindi cha miaka saba si kirefu, na naamini ni kwa sababu kila mtu alijua kuwa saa inahesabiwa.

Hata hivyo mambo hayakwenda sawa kila mahali. Ulyankulu ilipokea watu wengi kuliko maji yaliyokuwepo. Ardhi ilionekana kubwa machoni, lakini chini yake hapakuwa na maji ya kuutosha umati ule, ikabidi maelfu ya familia zihamishwe na kuanza upya, na Mishamo ilifunguliwa kwa sababu hiyo. Fikirini mtu aliyekwisha kukimbia nchi yake, akafyeka shamba, akajenga nyumba, kisha akaambiwa apakie tena. Kila ninapoona kikundi chenye nia njema kikionyesha kwa kidole mahali pa kuchimba kisima kabla ya upimaji wowote, huikumbuka Ulyankulu.

Mwaka 2007 Serikali iliamua kuwapa nafasi ya uraia wakimbizi hao wa 1972, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Watu wapatao 162,000 waliingia katika mpango huo. Leo ni wakazi wa kata kama ninyi: wanachagua madiwani, wanahudhuria mikutano ya vijiji, wanalalamika zahanati ikikosa dawa. Huduma zilizoanzishwa kwa sadaka za waumini wa mbali sasa ni huduma za halmashauri zao.

Sasa niligeukie lile swali la sharti. Mnamo tarehe 28 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walianza kuvuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, wengi wao ndani ya takriban saa 24. TCRS ilikuwa miongoni mwa mashirika yaliyofanya kazi huko. Katika hali ile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumuuliza mtu dini yake kabla ya kumpa maji, na hata pangekuwa na nafasi, isingeruhusiwa. Mwaka huo huo wa 1994 mashirika makubwa ya misaada, Shirikisho la Kilutheri na Baraza la Makanisa Duniani yakiwamo, yalitoa pamoja na Msalaba Mwekundu kanuni za maadili zinazosema kwamba msaada hutolewa kwa kigezo cha mahitaji peke yake, wala hautumiwi kueneza msimamo wowote wa kisiasa au wa kidini. Kwa hiyo mwananchi akiuliza sharti, hajamtukana mgeni. Anauliza jambo ambalo makanisa yenyewe yamekwisha kulijibu kwa maandishi. Kikundi kinachotaka kuhubiri kina haki yake ya kuhubiri kwa mujibu wa sheria, ila kifanye hivyo mahali pake na saa yake, si penye foleni ya ndoo.

Ngara ilitufundisha na jambo jingine, chungu kidogo. Wenyeji waliona misitu yao ikikatwa kwa kuni na njia zao zikiharibiwa na malori, huku huduma nzuri zikiwa ndani ya kambi. Manung'uniko yalikuwa makubwa, na baadaye programu zilibidi zielekezwe pia kwenye vijiji vinavyozunguka kambi. Hapa kwetu hatuna kambi, lakini kisa ni kile kile kisima kinapochimbwa ndani ya ua wa taasisi moja na majirani wakabaki kuchungulia uzioni.

Wengine watasema haya ni ya mbali. Si ya mbali. TCRS yenyewe, baada ya miaka mingi ya wakimbizi, ilileta kazi zake za maendeleo ya jamii hadi katika vijiji vya Kisarawe, ambako hakukuwa na mkimbizi hata mmoja. Na kabla ya hapo, Minaki ilijengwa na wamisionari wa Kianglikana waliohamishia hapo chuo chao kutoka Kiungani, Zanzibar, katika miaka ya 1920. Leo ni sekondari ya Serikali inayopokea vijana wa dini zote. Kwa ndugu zetu wa Kibaha mfano si wa kanisa, lakini unafundisha yale yale: Shirika la Elimu Kibaha lilianza kwa makubaliano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Nordiki, na Januari 1970 likakabidhiwa kwa Serikali. Hospitali ya Tumbi ilichipuka humo. Mgeni aliondoka kwa tarehe iliyojulikana, na mwenyeji alikuwa amekwisha kuandaliwa.

Kazi yangu, kama mjuavyo, ni kuandika habari na kupiga picha za halmashauri. Hualikwa siku utepe unapokatwa. Sijapata kualikwa kupiga picha pampu iliyotimiza miaka mitatu, nami ningependa sana siku moja nialikwe.

Basi kikundi kinapokuja, kisipokelewe na mtu mmoja sebuleni kwake, hata kama mtu huyo ndiye aliyekileta. Kifike kwa Mtendaji wa Kijiji, na shauri lake lipelekwe katika Halmashauri ya Kijiji na kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ninyi nyote wenye umri wa miaka 18 na zaidi ni wajumbe wake. Hapo wananchi waulize bila haya: ardhi itakayotumika ni ya nani, na je, mwenye shamba ameridhia kwa maandishi? Pampu hii vipuri vyake vinapatikana Dar es Salaam au vinaagizwa ng'ambo? Nani atashika ufunguo na nani atashika fedha, na je, ni watu wawili tofauti? Majibu yaingie katika muhtasari wa kikao.

Kwa miradi ya maji vijijini, RUWASA, wakala ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ndio wenye wataalamu wa kupima na ndio wanaosimamia vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Kisima kisichoingizwa humo kitakuwa yatima siku ya kwanza kikiharibika. Kambi za matibabu zipitie kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Daktari mgeni anahitaji usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, hata awe bingwa kiasi gani kwao, na dawa alizobeba zinahitaji kibali. Najua utaratibu huu huwachosha wageni waliotumia nauli yao wenyewe. Lakini mgonjwa aliyepewa dawa Jumamosi na daktari anayepanda ndege Jumatatu, akidhurika Jumatano atakwenda wapi? Atakwenda kwenye zahanati yetu, kwa muuguzi ambaye hajui alipewa nini. Kwa hiyo kila kambi iache kumbukumbu za wagonjwa kwenye zahanati kabla ya kufunga mahema.

Kwa vikundi vyetu vya hapa, vijana wa makanisa mlioketi upande wa kushoto, sina shaka na bidii yenu. Ninachowaomba ni kuwaalika majirani zenu wa misikitini tangu siku ya kuchagua kazi, si siku ya uzinduzi. Msaragambo ulikuwapo huku kabla ya mabango yetu sote, na watu wa huku wanajua kushika jembe pamoja.

Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yuko hapa na fomu ya utambulisho wa vikundi, nakala moja kwa kila kijiji. Mwenyekiti, naomba tupokee maswali, tukianza na akina mama walioko nyuma, kwani ndio wanaochota maji.